Geji ya Mafuta ya Marehemu Baba

Tangu nirudi kutoka Mwanza kila ninayekutana naye ananiuliza maswali mawili: kwa nini nilikaa siku nne kwa kazi ya geji tatu, na Mzee Mafuru yuko wapi. Wengine mmekwishajijibu wenyewe kwamba nimemfukuza. Nimechoka kueleza nusunusu barabarani, kwa hiyo naandika yote mara moja, muisome halafu mniache nipumzike.

Mnanijua. Nilifundisha Siasa miaka kumi na minne mpaka somo lenyewe likabadilishwa jina, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto wa watu wawe macho na wanyonyaji. Sasa zama za ruksa zimeingia, wale wanyonyaji ndio wenye maduka, pampu na mabasi, na mimi nimebaki na yale macho. Siwezi kuyafumba. Anayeniuzia kilo ya sukari ninamtazama mkono, si uso.

Gari nalo mnalijua, lile la Kifaransa la marehemu baba, jeupe, lenye pua ndefu. Lilikaa juu ya mawe miaka miwili tangu azikwe. Mwaka huu nililiteremsha ili niliingize kwenye kazi ya kubeba maharusi. Pamoja na gari nilimrithi Mzee Mafuru, dereva wa baba kwa karibu miaka thelathini, anayeishi kile chumba cha uani. Na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila nilipomtuma akajaze petroli, gari lilirudi mshale ukisimama kwenye robo tatu. Tenki limejaa, anasema. Mshale unasema robo tatu. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya tano nilikuwa nimekwishahukumu: robo tenki inashushwa mahali fulani njiani, na kikulacho ki nguoni mwako.

Kumuuliza sikuweza. Mtu aliyekubeba mabegani kwenda kuanza darasa la kwanza, unayemwamkia shikamoo kila alfajiri, utaanzaje kumwambia wewe ni mwizi? Nilimwambia mama peke yake. Mama akasema, kabla hujamtolea mzee wa watu neno, kapime kwanza geji. Nikakubali, maana nilitaka ushahidi. Fundi akisema geji ni nzima, Mafuru anafungasha vitu vyake. Mafuru mwenyewe nilimwambia tunakwenda kurekebisha dashibodi, maharusi wasije wakaona mishale inacheza ngoma. Hilo halikuwa uongo, kwa sababu geji ya joto na spidomita nazo zilikuwa hazieleweki.

Musoma hadi Bunda

Tuliondoka asubuhi. Safari hii nilikwenda pampu mwenyewe, nikasimama karibu na tenki mpaka mvuke wa petroli ukanipanda kichwani. Niliona kwa macho yangu petroli ikifika shingoni na kumwagika kidogo. Nikaingia ndani haraka kutazama mshale. Robo tatu.

Mtu mwingine angesema basi, geji ndiyo mbovu. Mimi nilikumbuka kwamba Mafuru na yule mwuza petroli walisalimiana kwa Kijita na kucheka, na mimi ni Mkwaya, utani wao wa haraka haraka haunifikii wote. Nikajua wako pamoja. Pampu imechezewa, nikajiambia, inatema hewa, na hela ya hewa wanagawana. Nilikaa kiti cha mbele nikipiga hesabu ya hela hiyo mpaka tulipopita njia panda ya Butiama.

Kabla ya Bunda mama mmoja mwenye magunia mawili ya dagaa alitupungia mkono. Mafuru akasimama, akamsalimia vizuri, kisha akamwonyesha geji kwa kidole. Mafuta yenyewe hayo, mama, nusu tu, na safari ni Mwanza; tukiongeza mzigo hatufiki. Yule mama akachungulia, akaona mshale, akashukuru na kurudi kivulini. Mafuru akaondoa gari bila hata kupepesa macho. Nilikereka sana. Si kwa sababu ya dagaa, maana harufu yake ingekaa kwenye viti mpaka harusi ya tatu, bali kwa jinsi alivyoifahamu ile geji na kuitumia. Nikasema moyoni, huyu mzee na huu mshale wanajuana siku nyingi.

Bunda hadi Magu

Tulipouacha mlima wa Balili na kukaribia Lamadi, geji ya joto ilipanda mpaka kwenye nyekundu. Nikapiga kelele asimame. Mafuru akasema injini haijachemka, sikiliza mlio wake. Mimi sisikilizi mlio, mimi naona nyekundu. Mzozo ulikuwa mfupi kwa sababu gari ni langu. Tukasimama Lamadi saa nzima na nusu, boneti wazi, na injini ilipoguswa ilikuwa ya kawaida kabisa, hata maji ya rejeta hayakupungua. Mafuru hakusema nilikuambia. Angesema ningeona nafuu.

Katika kusubiri huko akaja bwana mmoja mwenye kofia ya mitumba, akazunguka gari mara mbili, akaanza kuzungumza na Mafuru kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha kununulia viazi tu. Niliona wananyoosheana vidole kwenye matairi, kwenye taa, kwenye tenki. Machale yakanicheza. Nikawaingilia na kumwambia yule bwana kwa ukali kwamba gari haliuzwi na anayesema linauzwa si mwenyewe. Bwana akanitazama kwa huruma. Kumbe binti yake anaolewa mwezi ujao, na Mafuru alikuwa anamsifia gari ili alikodi. Nilikuwa nimemfukuza mteja wangu wa kwanza kutoka nje ya Musoma.

Mafuru alinunua michembe ya kutosha watu wanne, tukaitafuna kimya mpaka Magu. Viazi vile vilivyokaushwa vinahitaji maji mengi na mazungumzo. Tulikuwa na maji.

Magu hadi Igoma

Baada ya daraja la Simiyu lami imechimbika vibaya, na Mafuru aliendesha kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Tuliingia Igoma jua limeanza kuinama. Fundi tuliyeelekezwa ni Mhaya, anaitwa Fundi Deo, mtu wa makamo mwenye miwani na mikono misafi kupita kiasi. Kwa miaka mingi alitengeneza saa za ndege, zile geji za mbele ya rubani, pale uwanjani Ilemela, mpaka walipoanza kupunguza watu. Sasa ana kibanda cha mabati, meza moja na sanduku la vifaa. Mikono misafi ya fundi gari ilinitia wasiwasi, lakini nilikuwa nimekwishafika.

Sasa mniruhusu nieleze jambo ambalo baadhi yenu mnalifanya pia, msijifanye watakatifu. Geji za asili za gari lile hazipatikani tena. Fundi akizibadilisha na za kuokoteza, utaanzia wapi kumshtaki? Kwa hiyo kabla ya safari nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikatia nukta nyekundu nyuma ya kila geji. Na niliapa kukaa kwenye kiti cha fundi kuanzia asubuhi hadi jioni, nisiende hata chooni bila kuhesabu skrubu.

Nilipanga chumba gesti ya Mabatini. Mafuru akakataa chumba, akasema atalala garini pale pale kwa fundi, huku mjini watu wanachomoa taa. Unaona? Alitaka abaki na tenki. Nilikubali kwa sababu sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka.

Igoma, siku ya kwanza ya kazi

Alfajiri nilikuwa nimefika. Niliinama kwanza chini ya gari kunusa ardhi kama kuna petroli iliyomwagika. Nilipoinuka nikamkuta Mafuru amesimama na kikombe cha chai mkononi, ananitazama. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo.

Fundi Deo alianza na geji ya joto. Akaichomoa, akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria ya maji, akatumbukiza kile kidude kinachokaa kwenye injini pamoja na kipimajoto cha kioo. Maji yakaanza kutokota, nikachungulia kipimajoto. Tisini na sita. Nikajisikia ushindi. Nikamwambia, bwana mkubwa, mimi nimesoma, maji yanachemka kwa mia. Kipimajoto chako kibovu.

Fundi hakukasirika. Alisema mia ni ya Dar, mwalimu, kule pwani. Huku kwetu juu yanachemka mapema. Nikatazama huku na huku nipate mtu wa kuniunga mkono, hakuna. Alisema marubani wote wanajua hilo. Kisha nikamwona akiigeuza geji mkononi na kuiangalia nyuma.

"Alama zako nimeziona, mwalimu," akasema taratibu. "Usiwe na wasi, sitazifuta."

Mafuru alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Alikuja, akaitazama ile nukta nyekundu, akarudi kukaa.

Mchana tulikula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Yamekaangwa vizuri, siwezi kukataa, ila nilikula nikifikiri nani amekula nyama yangu. Kisha tukapima spidomita. Fundi alikaa nyuma na saa yake, Mafuru akaendesha kuelekea Kisesa kwenye nguzo za kilomita. Mshale ulipofika sitini, fundi akamwuliza dereva, unadhani tunakwenda ngapi? Mafuru bila kutazama akasema hamsini na mbili. Fundi akahesabu sekunde kutoka nguzo hadi nguzo, zikawa sitini na tisa. Akapiga hesabu, akacheka peke yake kwa furaha. Hamsini na mbili kamili. Nikawaza hawa wawili walikuwa pamoja usiku mzima pale kibandani, wamekwishapanga. Jamani, mtu akishaanza kushuku hana pa kusimama.

Igoma, siku ya pili

Nilikuwa nimeingoja siku hii kwa miezi. Geji ya mafuta. Nilimvuta fundi pembeni nikamwambia aipime kwa makini kuliko zile nyingine, kwa sababu kuna mtu kibarua chake kinaning'inia hapo. Sikumtaja. Fundi akatazama upande wa Mafuru, akaniangalia mimi, akavaa miwani.

Mshale ulisoma robo na kidogo. Fundi akasema kwa geji hiyo tungepata kama lita kumi na tano. Akafungua chini ya tenki, akakinga kwa madumu, akapima kwa kopo la lita tano. Kumi na tano zikapita, petroli bado inatiririka. Ishirini. Ishirini na tano. Zilifika ishirini na saba.

Fundi akazirudisha akapima tena. Ishirini na saba. Mimi nilikuwa nimesimama nikijaribu kuelewa. Mtu anayeibiwa hupungukiwa, mimi nilikuwa nimezidishiwa.

Ndipo alipoitoa floti, lile boya linaloelea ndani ya tenki, lenye mkono mwembamba wa waya mgumu. Aliupeleka mkono ule kwenye mwanga, akaugusa kwa ukucha. Palikuwa na kona ndogo, safi, na karibu yake alama ya tupa.

"Hii si ajali," akasema. "Huu umekunjwa na mtu aliyejua anachofanya. Nani?"

Ndugu zangu, nitawaambia ukweli hata kama unaniaibisha. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikamgeukia Mafuru, maana nilijua hakuna mwingine aliyegusa gari lile. Nikasema kwa sauti, sikia hiyo, mzee, anauliza nani. Nilikuwa nimempata. Lakini fundi alinishika mkono. Akaniambia fikiri vizuri. Mwizi angekunja kwa juu, mshale uonyeshe tumejaa wakati yeye ameshachota. Huu umekunjwa kwa chini. Aliyefanya hivi alikuwa anaficha mafuta, si kuyaiba.

Mafuru alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Ni mimi," akasema. "Baba yako alinishikia taa."

Akaeleza, na alimweleza fundi zaidi kuliko mimi. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, petroli kwa kibali, gari likionekana linatembea kila mtu anakuja. Katibu anataka apelekwe kikao, polisi anataka lita mbili tu, shemeji ana msiba wa mbali. Hukumkatalia mtu siku hizo. Lakini akichungulia mwenyewe akaona mshale umelala, anaondoka bila kinyongo. Kwa hiyo wao wawili walikunja ule mkono, robo tenki ikawa haionekani, na ile robo ilikuwa ya wagonjwa tu. Baba alimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mama, kwa sababu mama hawezi kumnyima mtu.

"Mkeo alipopata uchungu wa kwanza, ulikuja kumlilia baba yako kuwa mshale uko chini," Mafuru akaniambia. "Tulifika hospitali kwa mafuta yale."

Nakumbuka alfajiri ile. Tulisema Mungu ametenda muujiza. Tulitoa shukrani kanisani, familia nzima ikasimama mbele, na Mafuru akiwa benchi la nyuma ananyamaza.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Akasema alidhani baba aliniachia siri ile kabla hajafa, maana mimi ndiye mrithi. Kisha nikamwona anaunganisha mambo. Kifungo cha alfajiri. Nukta nyekundu. Mimi kusimama juu ya tenki kule Musoma. Uso wake ulibadilika polepole, na mimi sikuwa na mahali pa kuweka wangu.

"Kwa hiyo tumekuja Mwanza kwa ajili yangu," akasema.

Fundi Deo akageuka kutafuta kitu kwenye sanduku lake, akakitafuta muda mrefu. Mwishowe akauliza, aurudishe mkono ulivyokuwa au aunyooshe? Nikasema aunyooshe. Mafuru akatoka nje ya kibanda.

Igoma hadi Bunda

Siku ya nne tulijaza tenki, tukaondoka na geji tatu zinazosema kweli. Mafuru aliendesha kama kawaida yake, na nilipoongea alinijibu. Nilijaribu habari za mvua, za bei ya pamba, za mabasi mapya ya watu binafsi. Alijibu kila kimoja kwa adabu, kama unavyomjibu abiria. Lamadi nikataka tumtafute yule bwana wa harusi. Akasema tutachelewa.

Mjini Bunda aliacha barabara bila kuniuliza, akasimama mbele ya nyumba ya mdogo wake. Akazima gari, akachukua mfuko wake wa nguo kiti cha nyuma, akaniwekea ufunguo kiganjani. Nilianza kuomba radhi. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kikwaya, nikashuka na kumshika mkono kwa mikono yangu miwili, watu wa mdogo wake wakitutazama kutoka barazani. Nililia, na sioni haya kulisema. Nilimwambia chumba ni chake mpaka siku Mungu atakapomwita.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini siwezi kukuendesha tena. Kila utakapoitazama geji, mimi nitakuwa naangalia unavyoitazama."

Akanikaribisha chai. Nilikunywa, nikaaga.

Bunda hadi nyumbani

Mimi si dereva wa safari ndefu, mnajua. Nilitumia saa tatu njia ambayo Mafuru huimaliza kwa moja na nusu, na magari yote yalinipita, hata lori la mkaa. Mama mmoja alinipungia mkono na mzigo wake. Nilisimama, akachungulia ndani, akaona tenki limejaa zaidi ya nusu, akapanda na kuku wake wanne.

Sasa mmejua. Sikumfukuza Mafuru. Nimekwenda Bunda mara mbili tangu siku ile, amenipokea vizuri mara zote mbili, amenilisha, na amekataa mara zote mbili.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho siku niliporudi, wala hakunigombeza. Jana ameniambia anakwenda Bunda mwenyewe kumwomba Mafuru msamaha kwa niaba ya marehemu aliyemfunga na siri ile, na kesho anapanda basi. Nimemsihi nimpeleke na gari. Nimemwambia tenki limejaa, geji yenyewe inaonyesha.

"Basi kaa uitazame," amesema, akaendelea kukunja kitenge chake.